Kifungu cha Tisa

Mwalimu Orpah Nyangate alistaafu mwaka 1975, baada ya kufundisha shule za msingi za Nyamira kwa miaka ishirini na tisa. Alikuwa mjane, mkali, asiyependa kubembelezwa. Muhula wake wa mwisho alitembelewa shuleni na Joash, ajenti wa kampuni ya bima mjini Kisii. Joash alikuwa mwanafunzi wake zamani. Ni Orpah aliyemfundisha kusoma.

"Mwalimu, uzee una magonjwa," Joash alimwambia. "Kadi yako ya bima ya hospitali, ile unayokatwa kwenye mshahara, hailipi kila kitu. Chukua bima ya nyongeza. Kitakachobaki tutalipa sisi."

"Hata nikishastaafu?"

"Hapo ndipo itakapokufaa zaidi."

Orpah akatia sahihi. Alipewa ukurasa wa kwanza tu wa mkataba. Kurasa zilizobaki, aliambiwa, zingekuja kwa posta. Hazikuja.

Mwaka uliofuata, akishuka shambani na mkungu wa ndizi, aliteleza akavunjika paja. Alilala hospitalini wiki tisa. Binti yake, Bitutu, alipeleka karatasi kwenye kampuni, akarudi na barua ya mistari miwili: hawalipi.

Alipoweza kusimama kwa magongo, Orpah aliteremka Kisii mwenyewe.

"Nataka mkataba wangu wote," alimwambia karani.

Aliusoma pale pale kwenye kaunta, akikataa kiti. Kifungu cha tisa kilisema bima ya nyongeza hulipa kile tu kinachobaki baada ya bima ya kwanza kulipa. Kadi yake ya kwanza ilikuwa imekwisha pamoja na mshahara wake wa mwisho. Kwa hiyo hakukuwa na bima ya kwanza ya kulipa, na bila hiyo, kwa hesabu ya kampuni, hakuna kilichobaki cha kuongezewa.

"Lakini Mama, ungeweza kuiendeleza ile ya kwanza," karani alisema kwa upole. "Mstaafu anaruhusiwa kujichangia mwenyewe. Ajenti hakukwambia?"

Orpah alikunja mkataba, akautia mfukoni. "Mmeniuzia paa," alisema, "na mnajua nyumba haina kuta!"

Ili alipe hospitali aliuza ng'ombe wawili na kukodisha shamba lake la majani chai. Kisha akaenda kujiandikisha upya kwenye ile bima ya kwanza, akijichangia mwenyewe.

Miezi michache baadaye alisikia kwamba Joash angezungumza na walimu wanaokaribia kustaafu, katika ukumbi mmoja Keroka. Akaenda. Alisubiri hadi fomu zilipogawiwa, ndipo akainuka.

"Joash, wasomee kifungu cha tisa."

"Mwalimu, hayo tuyazungumze nje."

"Nilikufundisha kusoma. Soma!"

Joash aliendelea kupanga karatasi zake mezani. Basi Orpah akasoma mwenyewe, kwanza kama kilivyoandikwa, halafu kwa Ekegusii, lugha yao ya nyumbani, polepole, kama alivyokuwa akilisomea darasa la kwanza. Akawaambia: endelezeni kadi yenu kabla mshahara haujakatika, nyongeza ifuate baadaye, mkiitaka. Fomu zikarudishwa mezani moja baada ya nyingine, tupu.

Kampuni haikumrudishia chochote. Sabato iliyofuata, mama yake Joash, aliyeketi naye kanisani miaka mingi, alihamia benchi la nyuma bila kumsalimu.

Bitutu alimsihi mama yake amfuate mama huyo wapatane.

"Na ahame," Orpah alisema, akafungua kitabu cha nyimbo.