Fundo la Waya

Si kweli kwamba fundi baiskeli alimuuza mdogo wake ili apate ajira. Alijitolea tu kuwasaidia askari wa wanyamapori kutegua mitego. Siku moja waya ulikuwa umekata mguu wa twiga hadi mfupani, naye angali hai. Fundi alilitazama fundo akalitambua: marehemu baba yao aliwafundisha wao wawili tu kulifunga hivyo.

“Unamjua aliyetega?” sajini akauliza.

“Ni mdogo wangu.”

Mdogo alipofungwa jela, mama yao alimwambia fundi, “Basi twiga ndiye ndugu yako sasa. Nikifa, usiguse jeneza langu.”

Mama alipozikwa, fundi alisimama nje ya ukuta wa makaburi, mikono mfukoni. Mjane wa fundi ndiye anayeyasema haya, na zaidi ya haya hasemi.