Shati la Mlezi wa Kakakuona

Shati lile lilikuwa na viraka viwili begani, na Mwalimu alilichukia kama mtu anavyomchukia mgeni asiyeaga. Mumewe, mlezi katika kituo cha kutunzia wanyama waliojeruhiwa, alilivaa kila alasiri na kulitundika msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Lilinuka udongo, jasho na mchwa. Mume aliomba jambo moja tu, shati lisifuliwe. Mwalimu, ambaye hata vitambaa vya meza alivipiga pasi, alikunja uso. Nusu ya wanafunzi wake waliishi mtaa uleule, na wazazi wao walikuwa na macho.

Siku hizo kazi ya mumewe ilikuwa kumtembeza kakakuona. Mnyama huyo wa magamba aliletwa kituoni akiwa mchanga, baada ya kutolewa kwenye gunia la majangili. Mlezi alimwita Karani, kwa sababu alitembea kwa miguu ya nyuma tu, mikono kaikunjia kifuani, kama karani aliyekumbatia mafaili akimkwepa bosi. Chakula cha bakulini hakukitazama. Kakakuona hana jino hata moja. Ana ulimi mwembamba, mrefu ajabu, na anataka mchwa na sisimizi aliowatafuta mwenyewe. Basi kila alasiri mlezi alimfuata porini, hatua tatu nyuma yake, mwanamume mzima akingoja mnyama mmoja amalize kula. Mtaani wakambandika jina la Bwana Mchwa.

Jioni alisimulia habari za Karani mpaka chai ikapoa. Macho yake ni hafifu, alisema, dunia nzima anaisoma kwa pua. Akishtuka hakimbii, hujikunja kama mpira, na simba atamgeuza huku na huku hadi achoke mwenyewe. Akishashiba, mlezi huvua shati na kulitandaza chini. Karani hulinusa, hupanda juu yake, hujiviringisha humo na kubebwa hadi kituoni. Mwalimu alisikiliza huku akisahihisha madaftari, bila kuinua kichwa. Alijua habari za Karani zaidi ya alivyokuwa tayari kukiri.

Ijumaa moja Karani hakurudi.

Mlezi aliandika katika taarifa yake kwamba alipitiwa na usingizi, na alipozinduka mnyama alikuwa kaondoka. Mkuu wa kituo alimuuliza imekuwaje mtu aliyefanya kazi miaka kumi na tisa bila kusinzia asinzie siku hiyo. Magamba ya kakakuona yana wanunuzi wake, na hilo hakuna asiyelijua. Ushahidi haukupatikana, kwa hiyo hawakumshtaki, walimwachisha kazi tu. Hukumu ikatolewa na mtaa.

"Umemuuza?" Mwalimu alimuuliza mara moja tu, mlango ukiwa umefungwa.

"Nimekwambia nilisinzia, mama watoto."

Hakumtazama usoni aliposema hivyo, na Mwalimu alijua kwamba mumewe anadanganya. Ila hakujua uongo unaficha nini. Kwa ndugu na majirani alieleza kuwa miguu ndiyo iliyomstaafisha mapema. Alitembea naye barabarani, shingo kaisimamisha, kola ya mumewe imenyooka kuliko zamani. Nyumbani hakuuliza tena habari za wanyama, naye mume hakusimulia tena. Chai ikawa inanywewa ikiwa moto. Wakaishi hivyo miaka mitatu, kisha kifua kikamzidi mlezi, akafariki.

Mwezi mmoja baada ya mazishi wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, alikuja na sanduku dogo la bati.

"Alinipa nilitunze. Alisema nikuletee ukishamaliza kulia."

"Mimi nilikuwa nalia?"

"Ndiyo maana nimechelewa, wifi. Nimekungoja uanze, nimechoka."

Ndani mlikuwa na daftari la Karani. Mwalimu alilifungua mezani, kalamu nyekundu mkononi kwa mazoea, akasoma alasiri baada ya alasiri: kichuguu kipi kilichimbwa, kucha zilivyofanya kazi, siku mvua ilipowatoa kumbikumbi na Karani akala hadi akalala papo hapo. Wa mwisho ulikuwa ukurasa wa Ijumaa ile.

"Ameshiba. Nimetandaza shati. Amenusa, amerudi nyuma, amejikunja. Nimengoja. Amejikunjua, amenusa tena, hakunijua. Ameingia shimo refu lililochimbwa na mhanga, mnyama mla mchwa mwenzake, na hakutoka, nimekaa hapo mpaka giza limeingia. Sasa ndiyo naiona mikunjo ya pasi: shati limefuliwa, na sabuni yetu ni ya maua. Kosa ni langu. Mafua yalinizuia kunusa, lakini ilinipasa kumuuliza mtu kabla ya kutoka."

Chini yake, kwa wino mwingine: "Mwalimu asijue."

Kalamu ilimtoka mkononi. Alikumbuka usiku wa Alhamisi, mkesha wa Ijumaa ile. Mke wa mkuu wa shule alikuwa anakuja kumtembelea kesho yake, na msumari wa jikoni ulionekana kutoka sebuleni. Alilifua shati mara mbili, akalianika, akalipiga pasi, akalirudisha pale pale. Alitarajia angalau asante. Na yule mtu aliondoka kazini akiitwa mwizi, akazikwa akiitwa mwizi, ili mkewe asiambiwe kwamba sabuni yake ndiyo iliyompoteza mnyama.

Hapo ndipo alipolia, na wifi yake hakumnyamazisha.

Jumatatu alimpelekea mkuu wa kituo lile daftari. Mkuu alilisoma kwa makini, akavua miwani. Akasema angeweza kurekebisha faili la marehemu kimya kimya, aandike tu kwamba mnyama alitoroka. Haikuwa lazima familia iguswe. Watu wangecheka, alisema, nao watoto wake sasa ni watu wazima wenye kazi zao.

"Kimya kimya haitoshi," Mwalimu alisema. "Waliomwita mwizi hawakunong'ona."

"Basi sababu niandike nini, Mwalimu?"

"Andika kwamba mke wake alifua shati."

Mkuu aliandika. Mwalimu aliisoma karatasi ile mara mbili, akaomba pini nne, akaenda mwenyewe kuibandika kwenye ubao wa langoni, mahali wafanyakazi wote hupita.