Ngata niliyomwekea bibi

Admin, jina langu lisionekane, maana Mpanda ni ndogo na tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 36, nafanya kazi kwenye nyumba moja ya kulelea wazee. Nisiwafiche, roho inaniuma.

Kuna bibi mmoja wa kule Mpimbwe, miguu yake haina nguvu, anashinda kitandani. Mwezi uliopita alianza kupata weusi kwenye kalio, ukimgusa anasema panawaka. Tulifundishwa kumgeuza mara kwa mara na kumweka mkavu. Mimi nikajiona mjuzi. Nikasokota kitenge changu nikatengeneza ngata, kama ile tunayobebea ndoo kichwani, nikamlaza juu yake ili panapouma pasiguse godoro. Bibi akasema, "Afadhali, mwanangu." Basi nikaacha hata kumgeuza.

Mwenzangu wa zamu ya mchana, nimwite Mama Kulwa, alikuwa anaitoa. Akaniambia, "Dada, mgonjwa anageuzwa, hawekwi kwenye ngata kama ndoo." Nikaona anajifanya daktari. Kila asubuhi nikiingia zamu yangu nikawa nairudisha.

Kidonda kikachimbika. Siku nesi alipoitwa, Mama Kulwa ndiyo kwanza ameingia zamu na mimi sijaondoka, wakamfunua bibi ngata bado iko chini yake. Nesi akasema ule mviringo umebana damu isifike katikati, nyama imekufa. Msimamizi akafoka, "Nani kaweka hii?" Mama Kulwa akasema si yeye, akanitazama. Nikajibu, "Sijui." Kwa mdomo wangu huu huu. Bibi naye akaulizwa. Akasema, "Nimesahau, wanangu."

Kwa kuwa ngata ilikutwa kwenye zamu yake, Mama Kulwa kasimamishwa, yuko kwao Kakese. Ijumaa wanaamua kama anafukuzwa. Mimi nina watoto na mume sina, kazi ni hii tu.

Jana namgeuza bibi, nilipokiona kile kidonda machozi yakanitoka. Akaniuliza, "Unalia nini, mwanangu? Mimi sijamwambia mtu."

Ndugu zangu, hebu fikirini. Nimemuumiza mimi, halafu yeye ndiye ananilinda. Nikisema, nakosa kazi. Nikinyamaza, anaikosa mtu aliyenikataza. Nitukaneni mnavyotaka nyie, ila mnisaidie: Ijumaa nikisimama mbele ya msimamizi na Mama Kulwa yupo, nianze na neno gani?