Salamu za Mjane wa Simbo

Vijana wanaokuja kujifunza kazi redioni kwetu huwa nawaudhi kwa jambo moja: siwaruhusu kuruka salamu. Wao wanataka kuingia na maswali waliyoyaandika kwenye simu, wapate sauti, wawahi bodaboda ya kurudi mjini Mwanga. Nawaambia, mtu wa huku ukimsalimia atakujibu "salama" hata kama ndani kuna maiti. Hiyo ni adabu tu, jibu lenyewe linakuja baadaye. Ukiridhika na salama umerudi mikono mitupu.

Nilikwenda Simbo kuonana na mjane mmoja. Mumewe alikuwa amezikwa miezi michache nyuma, na nilisikia sokoni kwamba shemeji yake anataka kumnyang'anya shamba la michikichi, ambalo ndilo lililokuwa likimlisha yeye na watoto. Alinipokea kwa salamu ya Kiha, ile ndefu, ameinama, anapiga makofi taratibu: umeamkaje, watoto wameamkaje, mbuzi je, shamba je. Nikaitikia yote. Shemeji akavuta kiti akakaa katikati yetu.

Nikamuuliza mjane maisha yakoje tangu msiba.

"Salama. Shemeji anatutunza."

Kila swali, shemeji anatutunza, na macho yake chini kwenye vidole vya miguu. Nilipandwa na hasira, nakwambia. Lakini hasira ya mwandishi inamfunga mtu mdomo, na yule bwana usingeweza kumfukuza kwenye nyumba ya kaka yake. Basi nikamgeuzia yeye maikrofoni. Nikamwambia, mzee, mama huyu leo hana mengi, hebu tueleze wewe.

Alifunguka bwana, kama aliyekuwa akiningoja. Sikumbishia hata neno. Akinyamaza, na mimi nanyamaza, natikisa kichwa tu. Watu wengi hawavumilii kimya, watakijaza kwa lolote. Akatutembeza mpaka shambani, maikrofoni iko kidevuni kwake, akaupiga mchikichi kofi akasema, "Hii yote ni yangu. Mwanamke aliolewa hapa, hakuja na mti." Mjane alikuwa nyuma yetu, amebeba ndoo ya mawese.

Shemeji aliposogea pembeni kupokea simu, mjane akaniambia nizime. Nikazima. Akanieleza mambo ambayo hata hapa sitayaandika.

"Ya kwangu usiyatoe," alisema. "Ya kwake yatoe. Wamsikie kwa mdomo wake mwenyewe."

Nikamuuliza kama anajua ukoo wa mumewe utakavyomfanya. Akasema anajua.

Yakatoka hewani, na mdomo ukamponza yule bwana. Mbele ya baraza la kata alidai alikuwa akiwatunzia shamba watoto wa marehemu; wajumbe wakacheka, maana wote walikuwa wamemsikia. Shamba likabaki kwa mjane. Ofisini nilipongezwa, mhariri akaninunulia soda.

Mvua zilipokwisha nilirudi Simbo. Michikichi ipo, watoto wanakula. Nikamuuliza habari za hapo, akasema salama. Nikangoja.

"Hawaniitikii," alisema.

Ukoo mzima. Akienda kisimani anainama, anapiga makofi, wanawake wanaendelea kuteka maji kama amepita mbuzi. Mama mkwe wake, ambaye wanatazamana mlango kwa mlango, anageuza uso. Sasa wameanza na watoto: mdogo wao alimsalimia bibi yake asubuhi ile, akarudi ndani kuuliza amekosa nini.

"Heri wangenipiga," alisema.

Iliniuma, na bado inaniuma. Leo ningeyarusha tena maneno ya yule mwanamume, na ingeniuma vilevile.

Niliweka mkoba chini, nikainama, nikaanza kupiga makofi taratibu. Umeamkaje, nikamwambia, na ilikuwa alasiri. Watoto wameamkaje. Aliitikia kila neno huku machozi yanamtoka. Tulipomaliza mbuzi na shamba, pale salamu inapokwisha, akainama yeye, akaanza tena tangu mwanzo.