Kapeti Mpya za Chama

Kujitangaza kote kulinigharimu shilingi elfu moja mia tatu na sabini. Nilipohesabu mara ya kwanza nilipata elfu moja mia mbili na themanini, nikafurahi, kisha nikakumbuka kwamba nimesahau unga.

Mashine yenyewe siihesabu hapo kwa sababu si mimi niliyeilipia. Ni mke wangu. Zamu yake ya merigoraundi, ule mchango wa kupokezana, ilipofika, wanawake wenzake wa chama walimkabidhi pesa ambazo alikuwa amenuia kununulia tanki la maji. Mimi nikaongea, nikaongea tena, mpaka tanki likageuka kuwa mashine ya kuosha kapeti, ya mtumba, yenye mlio kama wa kinu cha posho. Alikubali kwa sharti moja.

"Mvua ikianza na hiyo kitu bado imekaa tu kwa stoo, nauza nanunua tanki," aliniambia. "Na usiniletee hadithi."

Ulikuwa mwezi wa nane. Mvua yetu huja mwezi wa kumi na moja, ikipenda.

Kazi niliijua, nilikuwa nimeifanya Mombasa kwa miaka. Na vumbi Kitui haijawahi kupungukiwa. Shida ni kwamba kwetu kapeti huanikwa juu ya ua, ikapigwa fimbo mpaka mpigaji achoke, kisha ikarudishwa ndani ikiwa imepumzika. Watu hawakujua kwamba kapeti yao ina rangi nyingine chini ya ile wanayoijua.

Basi nikachapisha karatasi arobaini za tangazo pale saiba, kwenye duka la intaneti. Gundi ya dukani nilitajiwa bei ya kuchekesha, nikarudi nyumbani, nikapika uji mzito wa mahindi, nikabandika karatasi zangu kwenye nguzo na kuta kuanzia mjini hadi soko la Kwa Vonza. Mkamba yeyote angeniambia kitakachofuata, na mimi mwenyewe ni Mkamba. Mwezi wa nane hakuna majani. Kesho yake mbuzi walikuwa wameramba uji, wakala na karatasi juu yake, kila nguzo, hadi pale mbuzi anapofika akisimama kwa miguu ya nyuma. Zilibaki tatu.

"Boss, tangazo lako limependwa," mwendesha bodaboda mmoja akaniambia. "Wateja wamelimaliza."

Nikajaribu redio. Waliponitajia bei, niliuliza kama ni ya tangazo au ya kununua redio yenyewe. Hawakucheka.

Ndipo nikaangalia kile kilichokuwa nyumbani kwangu siku zote. Chama cha mke wangu hukutana kila mwezi kwa mwanachama mmoja, kwa zamu ambayo si ile ya kupokea pesa. Wanawake kumi na wawili wanaketi sebuleni, wanakula, wanatoa pesa, na kwa saa tatu hawana la kutazama ila nyumba ya mwenyeji. Hakuna ukuta wa mjini unaotazamwa hivyo. Mwenyeji wa mwezi huo alikuwa mama mmoja mwenye duka la vitenge Kwa Vonza. Nikamwendea.

"Nakuoshea bure," nikamwambia. "Wewe ukiulizwa, useme ni nani ameosha. Basi."

"Bure kabisa?"

"Kabisa."

"Na mito ya viti?"

"Mama, bure ina mwisho."

Nilipakia mashine kwenye bodaboda. Niliingia na mitungi sita ya maji na sabuni yangu, nikatoka na maji yenye rangi ya chai ya hoteli. Kapeti iliyokuwa kahawia ikawa nyekundu, na pembeni yakatokea maua. Yule mama aliinama akayagusa. Alisema hata siku ya kuinunua hakuyaona, kwa sababu dukani walikuwa wameikunja.

Siku ya chama nilikaa nyumbani na simu mkononi, imejaa chaji. Haikulia. Mke wangu alirudi jioni.

"Waliona kapeti?"

"Waliona. Walisema ni nzuri sana."

"Naye akasema nani ameosha?"

Alivua viatu kwanza. "Alisema ni mpya. Eti kijana wake ametuma kutoka Nairobi."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilikuwa na chapati yake mdomoni. Ulitaka niseme nini?"

Alikuwa sawa. Mwenyeji haaibishwi siku ya zamu yake. Anayefanya hivyo ajue wenzake watafika kwake pia, na watakuja wamejiandaa.

Usiku huo aliniuliza bei za matanki, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu. Mimi nilikuwa nawaza kuhusu mwenyeji wa mwezi uliofuata, mwalimu, ambaye sasa angekaribisha watu wale wale juu ya kapeti ya zamani.

Haikupita wiki, mwalimu akampigia mke wangu.

"Unajua pahali wanauza kapeti kwa mkopo? Baada ya ile ya juzi, yangu siwezi kuketisha watu."

Mke wangu alinitazama, akaniwekea simu sikioni.

"Mwalimu," nikasema, "hiyo yako ya zamani naweza kuifanya mpya. Elfu moja mia tano."

"Elfu moja. Na usije na hiyo mashine mchana, majirani wataona."

"Elfu moja na mia mbili. Hiyo mia mbili ni ya siri."

Alilipa bila kunung'unika. Siku yake ilipofika, mke wangu akanihadithia, mwalimu aliketi katikati ya kapeti yake ya kijani akawaambia wenzake kwamba ni mpya, ya kutoka Mombasa. Mama wa duka la vitenge aliipapasa, akamtazama mwalimu, akasema ni kitu kizuri. Kutoka hapo simu hazikukatika, kila mmoja akiwa amekisia kapeti hizo mpya zinatoka wapi. Hawakungoja hata zamu zao. Wote walitaka alfajiri, wote walitaka mashine ifunikwe gunia, na wote walilipa ile mia mbili. Mwalimu alinipeleka hadi kwa dada yake Kathonzweni, huko Makueni, baada ya kuniapisha. Mvua ilipoanza, mashine ilikuwa nje ya stoo, kazini. Mke wangu alikinga maji kwa sufuria na hakutaja kuuza.

Lakini sasa ni zamu yake yeye kukaribisha.

"Yetu utaosha lini?" akaniuliza.

"Nitaosha nusu."

Aliacha kuchambua maharagwe.

"Wewe peke yako ndiye huwezi kusema ni mpya," nikamweleza. "Wote wanajua mumeo anafanya nini. Basi tuwaonyeshe. Nusu safi, nusu vile ilivyokuwa, na mstari katikati. Tangazo kama hilo hata redio hawana."

"Wageni wangu wakalie uchafu."

"Watakaa upande safi. Ule mwingine ni wa kutazama."

"Nirudishie pesa yangu ya tanki kwanza, yote, kabla ya siku hiyo. Ukimaliza kulipa, osha hata robo."

Nimehesabu mara mbili. Ninayo zaidi ya nusu, na alfajiri zilizobaki zina wateja, ila hazitatosha yote. Kwa awamu amekataa. Kwa hivyo naomba ushauri, hasa kwa wanaume ambao wake zao wako kwenye chama: ukitaka mkeo akubali nusu ya sebule ibaki chafu siku ya wageni wake, unaanzia wapi? Nina wiki mbili.