Cheche Alivyoifungua Rimoti ya Kaka Yake

Mume wangu mtaa mzima unamwita Cheche. Mimi nikitaka kumgombeza ndiyo namwita hivyo, nikitaka kumbembeleza namwita Fundi. Anatengeneza redio na televisheni tangu hajanioa, kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa jikoni kwetu, na miaka yote hiyo sijamsikia hata siku moja akimwambia mteja, "Hii imenishinda." Atasema kipuri hakijafika. Atasema pita Ijumaa. Lakini kushindwa, aka! Hilo neno halimo kinywani mwake.

Ufundi alifundishwa na kaka yake. Walizaliwa wawili tu, mama yao akafariki wangali wadogo, na yule mkubwa ndiye aliyemlea mdogo na kumtia bisibisi mkononi. Baadaye kaka akaenda kuishi ng'ambo, akaoa huko, akazeekea huko. Ila kila Jumapili alipiga simu, na wakianza kuongea wale wawili, mimi nafua, naanika, naanua, bado hawajaagana. Mwaka jana akatuletea televisheni ya ukutani, bapa kama sinia, ya zile zinazovuta vipindi kutoka kwenye intaneti. Cheche aliishika rimoti yake, akaigeuzageuza, akacheka sana. "Vitufe kumi tu? Hii wametengenezewa watoto!"

Kisha kaka akafariki. Aliugua siku nne tu. Kusafiri haikuwezekana, maana vibali vya kuingia kule huombi leo ukapewa leo. Mtoto wa marehemu akapiga simu: "Baba mdogo, mazishi tutayarusha moja kwa moja. Alhamisi, saa nne kamili asubuhi kwa saa za kwenu. Nimeshawawekea kila kitu kwenye televisheni yenu kwa intaneti. Mtaona picha ya baba, mnabonyeza hapo tu." Akaongeza kwamba mama yake hataki kaburi la mumewe libaki mitandaoni watu walitazame wakiwa wanakula, kwa hiyo haitarekodiwa. Wakishamaliza kuzika, basi.

"Tutakuwepo," Cheche akamjibu. Akaniambia hata mimi, "Nimwone akishushwa tu. Sitaki kingine."

Alhamisi saa tatu sebule yetu ilikuwa imejaa. Alikuwepo mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, fundi cherehani na mumewe, mpangaji wetu, na binamu wawili wa Cheche waliotoka kwao alfajiri. Viti viliisha nikageuza ndoo. Cheche alivaa suti aliyonioa nayo, kifungo cha tumboni kikakataa katakata kufungwa, na mimi sikumtania, siku hiyo sikuwa na utani.

Saa tatu na nusu akachukua rimoti akabonyeza. Kimya. Akatia betri mpya. Kimya vilevile. Akaenda kuiwasha televisheni kwa kile kitufe kimoja kilichojificha chini yake, ikawaka, vipindi vikajipanga mstari, na katikati yao picha ya shemeji yangu, anatabasamu, na shati lake la mistari. Ilibaki kubonyeza hapo tu. Lakini rimoti ukiibonyeza, hakuna kinachosogea. Kitufe cha kule chini kazi yake kuwasha na kuzima, hakijui jingine.

"Ngoja niipime," Cheche akasema.

Anacho kipimo chake anachokiamini kuliko macho. Anaielekeza rimoti kwenye kamera ya simu, anabonyeza, na ile taa ndogo ya mbele, ambayo kwa macho huioni, inaonekana kwenye simu ikimetameta. Ikimetameta, nzima. Isipometameta, imekufa, ifunguliwe. Wateja hukodoa macho kama wameonyeshwa mazingaombwe. Basi akapima mbele za watu wote, na kwenye simu kukawa giza. Akafuta kwa kona ya koti, akapima tena. Giza.

"Imekufa," akatangaza. Watu wakaguna. Fundi kasema, nani abishe?

Siku mbili baadaye muuza televisheni ndiye aliyetueleza, tena kwa upole hadi nikatamani atutukane. Rimoti za aina hii taa hiyo hazina. Zinaongea na televisheni kwa mawimbi, kama simu na spika isiyo na waya, na betri zikiisha mara nyingine zinasahauliana. Unazitambulisha upya, yamekwisha. Kumbe ile rimoti ilikuwa nzima kuliko sisi wote tuliokuwa mle ndani.

Lakini Alhamisi hatukuyajua hayo. Cheche akaleta mkoba wake wa kazi, akatandika gazeti juu ya meza ndogo, akakunja mikono ya suti. Macho ya wote yakahamia kwenye vidole vyake. Mimi peke yangu niliendelea kumtazama shemeji pale ukutani, na ndipo nilipoona kwenye kona ya chini ya televisheni imejitokeza picha nyingine. Rimoti imechorwa, vitufe viwili vimezungushiwa duara, na pembeni namba tano. Maneno yalikuwa ya kigeni, lakini picha si haihitaji shule?

"Fundi," nikasema.

Akainua kichwa. Wote wakainua vichwa. Bisibisi ilikuwa tayari mkononi mwake. Niseme nini mbele ya watu wale? Kwamba mke wa fundi, asiyejua hata kubadili balbu, anamwelekeza mumewe kazi siku ya msiba wake?

"Nikuletee chai?"

Mimi! Mimi ninayegombana na wauza nyanya mpaka wananikimbia, mimi ambaye mama yangu alisema nimezaliwa mdomo ukatangulia! Siku moja ya kufumbua kinywa, nikauliza habari za chai. Cheche akatikisa kichwa akaendelea, na ile picha ya pembeni ikajiondokea.

Rimoti yenyewe haikuwa na skrubu hata moja, imeunganishwa kwa gundi. Akaingiza kisu kwenye mshono, akasukuma taratibu, mara ikalia kaa! Fundi cherehani akashika mdomo. Cheche akasema hiyo ni kawaida, akatoa kibao cha ndani, akakisugua kwa spiriti, akachomeka chuma chake cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya. Akagusa hapa, akagusa pale. Moshi mdogo ukapanda, na mimi nikajiambia labda ndivyo inavyokuwa.

Saa nne kamili, pembeni ya picha ya shemeji kikawaka kialama chekundu.

"Fundi, wameanza," mwalimu akasema taratibu.

"Naona."

Mpangaji wetu, asiyejua kupima maneno, akasema si tutumie simu tu. Cheche akamgeukia. "Kaka yangu alinipa televisheni inayojaa ukuta. Leo nimzike kiganjani?" Mpangaji akainamisha kichwa. Binamu mmoja akampigia mtoto wa marehemu, simu ikaita mpaka ikakatika. Angepokeaje, na yuko makaburini anamzika baba yake?

Tukakaa. Ninyi mmewahi kukaa chumba kizima mkitazama mtu anatabasamu ukutani, mnajua nyuma ya tabasamu hilo anazikwa, na hamna la kufanya? Nilikuwa nauma kucha kama mtoto. Saa nne na robo ile picha ya pembeni ikarudi. Safari hii mwalimu aliiona, akavaa miwani, akasogea, akaisoma kwa sauti, kwa furaha kabisa, masikini: "Inasema televisheni haioni rimoti! Shikilia vitufe hivi viwili kwa pamoja, sekunde tano!"

Sote tulitazama mezani. Vitufe vilikuwa kwenye ganda upande huu, kibao upande ule, na katikati yao plastiki iliyovunjika.

Cheche akarudishia betri, akazikaza kwa utepe, akakiinua kile kibao akakielekeza kwenye televisheni, akaweka vidole gumba viwili pale ambapo vitufe vilikuwa vinakaa. "Moja," akahesabu. "Mbili. Tatu." Mwalimu akaungana naye, kisha binamu, kisha sote. Tukafika tano. Akaanza upya, tukaanza naye. Mara ya nne tukawa tunamhesabia sisi, yeye kashikilia tu. Ile picha ya pembeni ikajiondokea tena kama mara ya kwanza.

Nikamnyang'anya Cheche simu yake mfukoni, sikumwomba, nikampa binamu. Akatafuta kiungo cha mazishi kwenye kundi la ukoo, akakipata, kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, nikakitukana kimoyomoyo. Kikafunguka. Tukasongamana juu ya kioo chenye ufa. Tuliona majani, na watu wawili wanakunja viti vya plastiki na kuvipanga. Mtu nisiyemjua akaja mpaka karibu, mkono wake ukaziba kila kitu, kukawa giza.

"Viti," Cheche akasema. "Wamefika kwenye viti."

Wageni waliondoka wameinamisha vichwa, kila mmoja akimshika bega. Akabaki kwenye kiti, suti imeganda matone ya risasi. Nilitaka kumwambia kwamba niliiona ile picha mapema, kabla ya kisu. Maneno yakapanda mpaka mlangoni mwa meno, nikayameza, na mpaka leo ninapoyasimulia kwenu sijamwambia.

Simu ikalia. Alikuwa mtoto wa marehemu, sauti imemkauka kwa kulia. Cheche akaweka spika ili na mimi nisikie.

"Baba mdogo, mlituona?"

Cheche akanitazama. "Tuliwaona, mwanangu. Mmemzika vizuri."

"Na mimi uliniona? Kabla hatujamshusha niligeukia kamera nikakupungia. Baba ndiye aliyeagiza, hospitali. Alisema, 'Mdogo wangu atakuwa anatazama, usinizike kabla hujampungia.'"

Kibanda kizima cha vipuri, redio zote alizozifufua, ningezitoa siku hiyo ili mtoto yule asiulize swali hilo.

"Nilikuona," mume wangu akasema.

"Na wewe ulipunga?"

"Nilipunga, baba. Nilipunga sana."

Mtoto akashukuru, akaaga, simu ikakatika. Cheche akaiweka juu ya gazeti, kando ya vipande vya rimoti. Akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kama vile mimi nilikuwa chumba kingine chenye televisheni nzima.

"Mke wangu, alipunga kwa mkono gani?"