Santuri Zilizoanikwa Uchanjani

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa kambi za kahawa chini ya Mlima Meru, muziki ulikuwa na saa yake na mwenyewe. Saa kumi jioni Bwana Hadsoni, mzungu wa shamba, alifungua dirisha la sebule akaweka santuri, na matarumbeta yakatushukia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Watoto tulikata vikonyo vya maboga, tukapuliza kuyafuatisha mpaka midomo ikawasha. Mama zetu walipepeta mahindi huku mabega yanacheza. Vijana wa siku hizi wanasema hatukujua dansi. Waacheni.

Santuri zile nne zilikaa ndani ya jalada nene kama Biblia ya mchungaji, kila moja na mfuko wake. Juu ya jalada walichorwa wanaume weusi wenye suti nyeupe, safu nzima, wamenyanyua matarumbeta. Baba, mpishi wa nyumba ile, ndiye aliyeruhusiwa kulipangusa vumbi. Alikuwa akituambia, "Lile likianguka, na sisi tumeanguka." Maana hata kibanda tulicholala kilikuwa cha Bwana.

Sasa nataja jina, nimechoka kulimeza. Zefania, nyapara wa shamba. Bwana alisafiri kwenda Nairobi, Zefania akaja jikoni, mimi nimekaa chini namenya njegere. Binti yake alikuwa anapata kipaimara.

"Elia, nipe santuri na gramafoni. Jumapili tu."

"Si mali yangu, mzee."

"Na kipande chako cha siku za kazi anakitia alama nani?"

Baba akampa.

Jumatatu zikarudi zinanata pombe ya mbege. "Zioshwe," akasema Zefania, "Bwana anafika kesho." Mama akaziosha kama alivyoosha sufuria, kwa maji ya moto na majivu, akazianika uchanjani penye vyombo, juani, akaniweka nifukuze kuku. Nikafukuza kuku. Jua la utosini nikaona ya kwanza inalegea pembeni, inainama kama jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Nikafikiri nikiigeuza itanyooka. Nikazigeuza zote nne. Sikumwita mama, niliogopa kofi.

Kesho yake saa kumi dirisha likafunguliwa kama kawaida. Matarumbeta yakaanza, yakazama, yakapanda, yakalia kama ng'ombe anayechinjwa. Kisha dirisha likafungwa. Mpaka leo sijasikia kitu cha kutisha kama lile dirisha likifungwa.

Tukaitwa uani. Kabla baba hajafungua mdomo, Zefania akasema, "Ni mke wa mpishi, Bwana. Hawa bado washenzi." Baba akasema ukweli, akaulizwa shahidi yuko wapi. Jikoni siku ile, mbali na Zefania, tulikuwa yeye na mimi tu. Akanitazama. Zefania naye akanitazama, anakipapasa kiboko chake taratibu. Mama alinifunza kuwa maneno ya wakubwa hayana mtoto. Nikanyamaza, haja ndogo ikinichuruzika miguuni.

Zefania mwenyewe ndiye aliyemchapa baba. Jua halijazama tukawa njiani kwenda Olmotonyi kwa shangazi, mama na kinu kichwani, baba mbele, hageuki. Hakuniuliza neno siku ile, wala hakuniuliza mpaka anakufa.

Hadsoni alikwenda zake kwao. Zefania akawa mzee wa kanisa, akazikwa kwa kwaya mbili. Nilikwenda, ndiyo. Sikutia udongo.

Leo mwanangu ana redio yake ya kaseti. Kanda ikijikunja anaizungusha kwa kalamu huku anacheka, inaimba tena, na yeye hata kitini hanyanyuki. Sisi muziki ulikuwa wa dirisha la mtu, na tulicheza mpaka vumbi likapanda. Ananiita, "Mama, njoo usikilize hii." Naenda. Ila yakiingia matarumbeta natoka uani, nautazama uchanja wangu. Niliujenga kivulini. Vyombo vyangu havikauki vizuri, majirani wananicheka, nami sijawahi kuuhamisha.